Ng'ombe Wasioandikika kwenye Java

Anayetaka kuandika programu ya kuhesabia mifugo inayoingia mnadani huko Mpanda, mkoani Katavi, atagombana na lugha ya kompyuta ya Java mapema kuliko anavyodhani. Akiita hesabu yake idadiYaNg'ombe, programu inagoma. Ile ritifaa ndogo ina kazi nyingine kwenye lugha hii: huzingira herufi moja moja, kama 'N' au 'K'. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa maagizo ya kompyuta, ikiikuta katikati ya jina hudhani herufi imefunguliwa na haijafungwa. Dawa ni kuidondosha: idadiYaNgombe. Mwalimu wa Kiswahili atanuna, lakini kazi itaendelea.

Masharti mengine si mengi. Jina huanza na herufi, alama ya dola au mstari wa chini. Tarakimu zinaruhusiwa, ila si mwanzoni, kwa hiyo kata3 inapita na 3kata inakataliwa. Nafasi haikubaliki. Kistari nacho hakikubaliki, maana bei-ushuru husomwa kuwa bei ukitoa ushuru. Na herufi kubwa si sawa na ndogo: Mpanda, mpanda na MPANDA ni majina matatu yasiyojuana.

Kuna pia maneno ambayo lugha imejiwekea yenyewe, kama class, int, new na return, jumla yake kama hamsini. Hapa Mswahili ana nafuu. Maneno hayo yametokana na Kiingereza, kwa hiyo programa wa London anayetaka kuita darasa la shule class atazuiwa, wakati mwenzake wa Mpanda anaandika darasa bila wasiwasi. Mojawapo, goto, ni kichekesho: limehifadhiwa, hakuna anayeruhusiwa kulitumia kama jina, na lenyewe halifanyi kazi yoyote.

Zaidi ya hapo ni mazoea, yaliyoenezwa na kampuni ya Sun Microsystems iliyoitangaza Java mwaka 1995. Klasi, yaani kielelezo cha aina ya kitu, huanza na herufi kubwa: Mnada. Kinachobeba thamani huanza na ndogo, na kila neno linalofuata huinua kichwa: beiYaJuu. Thamani isiyobadilika huandikwa kwa herufi kubwa tupu: USHURU_WA_MNADA. Ukiyapuuza mazoea haya, kompyuta haitalalamika. Atakayelalamika ni mtu atakayerithi kazi yako.

Lakini kupanga herufi ni sehemu nyepesi. Ugumu uko kwenye kuamua jina litaje nini, na Katavi inafundisha hilo vizuri. Mkoa huu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Baadaye Halmashauri ya Wilaya ya Mpanda ikaitwa Tanganyika, huku jina la Mpanda likibaki kwa manispaa na kwa wilaya. Programa aliyekuwa ameandika klasi iitwayo HalmashauriYaMpanda angelazimika kupekua kila ukurasa wa kazi yake, akijiuliza kila mara ni Mpanda ipi.

DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na sekta ya afya Tanzania kukusanya takwimu za vituo, ulikwepa mtego huo. Sehemu yake ya ndani imeandikwa kwa Java, na humo mna klasi iitwayo OrganisationUnit. Zahanati ni kitu cha klasi hiyo, wilaya vilevile, mkoa vilevile, hata taifa. Neno Mpanda halimo kwenye klasi. Limo kwenye data, mahali ambapo msimamizi hulibadilisha bila kumwita programa. Kila eneo lina pia kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, ambacho hubaki kilekile hata jina likibadilika. Nacho, kama majina ya Java, hakianzi na tarakimu.

Je, programu nzima iandikwe kwa majina ya Kiswahili? Inawezekana, na kwa wanaojifunza ni jambo jema. Tatizo hujitokeza kwenye maktaba za Java zilizotengenezwa na wengine. Nyingi husoma taarifa za kitu kwa kutafuta maagizo yanayoanza na get, na huzijaza kwa yanayoanza na set. Ukiandika pataJina, hazitajua kwamba kitu chako kina jina. Ndiyo maana programu ya Kiswahili huishia kuwa na getJina na setKata, na penye jibu la ndiyo au hapana, isMzima.