React Haitaharakisha Yadi Yako

Nimechoka na swali hili. Wenye yadi za kontena, kuanzia Chaani hadi Miritini, hunipigia simu wakiuliza lile lile: tukihamisha mfumo wetu kwenye React, utakuwa mwepesi? Hautakuwa. Na kijana aliyekuahidi wepesi, mwambie akuonyeshe kwanza uzito uko wapi.

Hilo halihitaji digrii. Afungue ukurasa unaolalamikiwa kwenye Chrome, abonyeze F12, aingie sehemu ya mtandao, kisha apakie ukurasa upya nawe ukitazama. Kila ombi linalokwenda kwa seva lina mstari wake na muda wake. Katika yadi moja hapa Chaani, karani wa geti alikuwa akitafuta kontena moja tu: herufi nne, tarakimu saba, basi. Mfumo nao ulikuwa ukiagiza orodha ya kila kontena iliyowahi kuingia tangu yadi ifunguliwe, halafu kivinjari ndicho kichambue. Malori yamejipanga nje, honi zinalia, na mwenye yadi tayari alikuwa ameshika mkononi bei ya kuandikiwa sura mpya yote.

Dawa ilikuwa kuweka faharasa kwenye safu ya nambari za kontena ndani ya kanzidata, na kuiambia seva irudishe mistari hamsini badala ya yote. Sura iliyoandikwa kwa AngularJS ya zamani haikuguswa. Geti likatembea.

Fremuweki kama React na AngularJS hufanya kazi ndani ya kivinjari. Kanzidata ikijivuta, React itakuchorea tu kiduara kizuri cha kusubiria. Tena yaweza kukuongezea mzigo: ukurasa uliokuwa ukitoka kwa seva ukiwa HTML kamili, sasa dereva mwenye simu ya bei rahisi na bando linaloelekea kuisha lazima apakue JavaScript kwanza, simu iisome, iiendeshe, ndipo ianze kuomba data yenyewe. Wenye yadi huniambia, "Mbona Facebook wanaitumia React?" Wanaitumia kwa sababu waliitengeneza wao, wakaitoa kwa umma mwaka 2013, na wana jeshi la wahandisi wa kuilea. Wewe una kijana mmoja wa mkataba.

Sababu halali ya kuhama ipo, na ndiyo wasiyoniuliza. Google iliacha kuihudumia AngularJS tarehe 31 Desemba 2021. Fremuweki ya Vue 2 nayo ikafika mwisho tarehe 31 Desemba 2023. Tundu la usalama likigunduliwa leo, waliozitengeneza hawatakuzibia. Hapo hama, nitakuunga mkono.

Ila usiandike yote upya kwa mkupuo. Netscape walithubutu na kivinjari chao: toleo la 4 lilitoka 1997, lililofuata likaja Novemba 2000, na Internet Explorer ilikuwa imeshabeba soko. Anza na ukurasa mmoja usiogusa pesa, labda ripoti ya kontena zilizopitisha muda. Ukitoka AngularJS kwenda Angular mpya, ipo ngUpgrade, inayoziendesha zote mbili pamoja. Ukienda kwingine, weka proksi mbele igawe anwani: za ripoti ziende upande mpya, nyingine zibaki. Nywila iwe moja pande zote. Mpangilio wa fomu usiuguse wakati huo huo. Karani wako hujaza kwa Tab na Enter bila kutazama kibodi, na ukimhamishia kisanduku, bili zitatoka na makosa. Ukurasa mpya ukishatulia, futa wa zamani siku hiyo hiyo, la sivyo utalea mifumo miwili. Vifomu vya jQuery vinavyofanya kazi, sasisha jQuery yenyewe, vipime, uviache.

Mkandarasi akikwambia kuhama ukurasa kwa ukurasa hakuwezekani, mshukuru kwa muda wake, utafute mwingine.