Mchezo wa "Kinjeketile": Nguvu Zake na Udhaifu Wake Jukwaani

Mchezo wa "Kinjeketile", ulioandikwa na Bwana Ebrahim Hussein, ulichezwa mwaka 1969 katika Chuo cha Dar es Salaam, wakati chuo hicho kilipokuwa kingali sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Wanafunzi wengi wameusoma darasani. Lakini mchezo ni kitu cha kutazamwa, na mtazamaji huona mambo yanayompita msomaji.

Nguvu yake kubwa imo katika shaka. Kinjeketile apandwa na pepo Hongo, aingia mtoni, kisha atoka na maji ya kuwaunganisha watu dhidi ya Wajerumani. Lakini katika kunena kwake asema kwamba watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Akili zimrudiapo, neno hilo lamchoma: je, Mjerumani afukuzwe ili Sultani atawale? Tangu hapo hajui kama alitumwa au alidanganywa, na watu hawataki tena kungoja. Hapo mwigizaji hodari aweza kuunyamazisha ukumbi mzima.

Udhaifu watoka papo hapo. Shaka haionekani kwa macho, sharti isemwe. Basi Kinjeketile husema sana, na sehemu yake ikipewa mtu asiyejua kupumzisha sauti, watazamaji huanza kukohoa. Tena Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, waanzishao mchezo kwa maneno ya njaa na taabu ya nyumbani, wafifia upesi mno. Ni hasara, maana kazi ya shuruti katika mashamba ya pamba ndiyo hasa iliyowasha vita ile.

Kuna na jambo la historia. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa changa. Nayo iliendelea hadi 1907. Mchezo wamweka hai hata aone kushindwa. Mwandishi mwenyewe alionya kwamba mtu wake ni wa kubuni, kwa hiyo atakayejibu swali la historia kwa kitabu hiki asilalamike akikosa alama. Mimi naona alifanya vema. Bila hivyo tusingepata onyesho la mwisho, Mjerumani amtakapo aseme kwamba maji ni uongo, naye akataa, akihofu wajukuu wasije wakaambiwa kuwa wazee wao walipigania upuuzi. Onyesho hilo halihitaji bunduki wala mapambo. Mfungwa aliyechoka na askari wachache watosha.