Kufundisha Ufundi: Kuunga Kanyagio la Cherehani

Fundi cherehani wa Kasulu au Kibondo hupoteza riziki yake kanyagio likivunjika. Kwa hiyo twashauri mwalimu aanze somo kwa swali: kwa nini jembe lililopinda hunyoshwa kwa nyundo, ilhali kanyagio hupasuka?

Chuma walichofua wahunzi wa Buha zamani kilikuwa na kaboni kidogo, nacho hupindika. Kanyagio ni chuma cha kalibu, chenye kaboni asilimia 2 hadi 4. Huyeyuka kwa joto la chini zaidi na kujaza kalibu vema, bali hakivumilii kishindo wala joto la ghafla.

Wanafunzi watoboe tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, kisha wakaze kiraka cha bamba la chuma kwa boliti. Wakilehemu, wapashe moto kanyagio zima taratibu, walehemu vipande vifupi kwa fimbo ya nikeli, halafu walifukie katika majivu makavu lipoe polepole.

Mwanafunzi akiweza kueleza kazi ya majivu hayo, tutajua ameelewa. Akiweza kulehemu tu, hatujamaliza kufundisha.