Kimya Chetu Humkinga Nani?

Leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo lililo gumu kulizungumza redioni, nalo ni kimya. Redio haipendi kimya. Tukinyamaza hapa kwa sekunde kumi tu, wengi wenu mtadhani mitambo imeharibika, na mkono utakwenda kutafuta kituo kingine.

Sisi tunaowaletea neno hili twakaa Lucky Summer, hapa Nairobi, katika eneo bunge la Ruaraka. Mtu anayepajua kwetu atacheka akisikia ya kwamba watu wa huko wanataka kufundisha juu ya kimya. Alfajiri makanga wanaita abiria. Mchana fundi wa vyuma anagonga mageti. Usiku muziki unatoka katika vyumba vinavyotengwa kwa ukuta mwembamba. Na Jumapili makanisa, letu likiwemo, hushindana kwa vipaza sauti. Tangu mwaka 2009 nchi yetu ina kanuni za kuzuia kelele, nasi tukiri ya kwamba makanisa hayakuwa ya kwanza kuzitii.

Walakini hata mahali penye kelele namna hii pana kimya, tena cha namna nyingi. Basi tujiulize: Kimya ni kitu gani? Je, ni kukosa maneno tu?

Sivyo. Kimya nacho husema. Mgeni akifika mlangoni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, huenda zake bila kinyongo, maana kimya kimekwisha kumjibu. Kule pwani na Unguja, mwanamke aliyeudhiwa na jirani halazimiki kugombana. Hujifunga kanga yenye maneno yanayofaa, akapita mlangoni kwa yule jirani bila kufungua kinywa, na ujumbe ukafika. Wazee wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Walijua ya kwamba mtu aliyenyamaza hajamaliza mambo yake.

Tena kiko kimya cha ibada. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 19, twasoma habari za Eliya pale mlimani. Ulikuja upepo wa nguvu, likaja tetemeko la nchi, ukaja moto. Bwana hakuwamo katika hayo. Baada ya moto ikaja sauti ndogo ya utulivu, na hapo nabii akafunika uso wake. Ndugu zetu Marafiki, ambao misheni yao ilianza Kaimosi mwaka 1902, wana asili yao katika watu wa Uingereza wa karne ya 17 waliokutana kuabudu kwa kunyamaza, wakingoja mpaka Roho amsukume mmoja wao kusema. Wengi wao hapa Kenya siku hizi huimba na kuhubiri kama sisi, lakini urithi ule ni wa kutufaa sote. Mara nyingi twamwendea Mungu kama mtu anayepiga simu, akasema haja zake zote, kisha akakata kabla hajajibiwa.

Kiko pia kimya cha kufariji. Rafiki watatu wa Ayubu walipoona mateso yake, waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyesema neno. Hilo ndilo jambo jema kuliko yote waliyomtendea. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa na kumweleza kwa nini anateseka. Twaonaje sisi tunapokwenda matangani? Mama amefiwa na mwanawe, naye msemaji anasimama kumweleza mpango wa Mungu kana kwamba ameuona umeandikwa. Afadhali aketi mkekani, ashike mkono wake, anyamaze. Hata wanafalsafa wameliona hilo kwa njia yao. Ludwig Wittgenstein, mzaliwa wa Austria, alichapa mwaka 1921 kitabu kilichopima mipaka ya lugha, akakimaliza kwa shauri ya kwamba yako mambo ambayo maneno hayawezi kuyabeba, na mbele ya hayo inampasa mtu kunyamaza.

Mpaka hapa, wapenzi, tumekisifu kimya. Sasa tugeuke tuutazame upande wake wa pili.

Mwaka 1974 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Elisabeth Noelle-Neumann, alieleza jinsi kimya kinavyoenea katika jamii. Alisema watu huogopa kutengwa. Kwa hiyo kila mmoja huwatazama wenzake ajue wengi wanaelekea wapi. Akidhani yuko peke yake, hunyamaza. Basi wa pili, akiona wa kwanza amenyamaza, naye hudhani yuko peke yake, akanyamaza. Mwisho wake, neno lililoaminiwa na watu wachache huonekana kuwa neno la wote, kwa sababu wasiolikubali hawasikiki.

Wale waliokuwa watu wazima mwaka 1988 hawahitaji kufundishwa haya na Mjerumani. Wanakumbuka mlolongo. Katika uteuzi wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa wakati ule, mpiga kura hakutia karatasi sandukuni. Alisimama mchana kweupe katika foleni ya mgombea aliyemtaka. Mwajiri aliona, chifu aliona, mwenye nyumba aliona. Tena aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika foleni alihesabiwa kuwa amechaguliwa, pasipo kwenda kwenye kura ya siri. Je, ni ajabu watu wengi kunyamaza?

Lakini hawakunyamaza wote. Baraza la Makanisa, NCCK, lilipinga jambo hilo tangu mwaka 1986. Askofu Henry Okullu, Askofu Alexander Muge, Askofu David Gitari na Mchungaji Timothy Njoya walisema waziwazi, na kila mmoja alijua kusema kuna gharama. Mlolongo uliachwa, na Desemba 1991 wajumbe wa KANU walikutana Kasarani, si mbali na kwetu, wakakubali vyama vingi virudi. Mmoja anaposema, wa pili hutambua ya kwamba hakuwa peke yake.

Walakini kanisa lisijivune. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika nchi yetu. Mwaka 2008 viongozi wa NCCK walikiri mbele ya taifa ya kwamba walishindwa kuyakabili maovu kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameegemea pande. Mimbari ambazo zamani zilinena, safari hii zilinyamaza juu ya makosa ya watu wa kwao.

Basi twawezaje kupambanua kimya chema na kimya kibaya? Twawapa swali moja la kupimia: Kimya hiki humkinga nani?

Tazameni. Kura ya siri ni kimya, lakini humkinga mnyonge asidhulumiwe na mkubwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 49, humpa mtu aliyekamatwa haki ya kunyamaza, ili asilazimishwe kujitia hatiani. Mchungaji aliyeungamiwa dhambi hunyamaza, amkinge yule aliyetubu. Hivyo ni vimya vya haki. Lakini mhasibu wa chama akila fedha za wajane, na wajumbe wote wakajua wakanyamaza, kimya hicho humkinga nani? Mtoto akiharibiwa na mtu wa ukoo, na wazee wakaketi wakasema jambo hili lisitoke nje ya boma, kimya hicho humkinga nani? Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa afichaye ni mmoja, naye afaye ni mwingine.

Sasa, wapenzi, si haki tuwahukumu wengine tukajiacha sisi. Tunalo la kuungama.

Katika ploti tuliyokaa zamani, chumba cha pili alikaa mama mmoja na mumewe. Usiku fulani tulisikia kishindo, kisha kilio. Tulijua ni nini. Tuliketi tukatazamana. Mmoja wetu akasema, "Mambo ya nyumba ya watu hayo." Kisha tukafanya jambo tunaloona haya kulisema mbele yenu: tuliongeza sauti ya redio. Ulikuwa wakati wa kipindi cha dini, na wimbo ulipokwisha hatukusikia kitu tena. Asubuhi tulikutana na yule mama bombani. Alikuwa amejitanda leso mpaka karibu na jicho. Tukamwamkia, akaitikia kwamba hajambo, tukachota maji tukaenda zetu. Mambo yakaendelea hivyo miezi mingi, mpaka siku moja ndugu zake walikuja wakamchukua.

Baada ya miaka tulikutana naye tena. Alitusalimu kwa upole. Katika mazungumzo alisema maneno ambayo hatujaweza kuyasahau: "Mimi nilijua mnanisikia. Kila nilipolia, redio yenu ilipanda."

Wapenzi wasikilizaji, sisi tulidhani tumenyamaza tu. Yeye alitusikia vizuri sana. Kimya chetu kilimwambia ya kwamba yuko peke yake, na kilimwambia mumewe ya kwamba ana ruhusa.

Katika Injili ya Marko, mlango wa tatu, Bwana Yesu aliwauliza watu katika sinagogi kama ni halali siku ya sabato kutenda mema au mabaya. Mtu mwenye mkono uliopooza alikuwa amesimama katikati. Wakanyamaza. Na Marko anatuambia ya kwamba Bwana alikasirika na kuhuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Lakini Bwana huyo huyo, aliposhtakiwa mbele ya Pilato, alinyamaza hata liwali akastaajabu. Na kule Yeriko, watu walipomkemea kipofu Bartimayo anyamaze, Yesu alisimama akaagiza aitwe. Mwaona tofauti? Alinyamaza yeye mwenyewe alipoumizwa, lakini hakukubali aliyeumizwa anyamazishwe. Sisi mara nyingi twageuza jambo hili. Tukiguswa wenyewe twapiga kelele mtaa mzima usikie. Akiguswa jirani twapata ghafula karama ya utulivu.

Basi tufanye nini? Hatusemi mtu akurupuke, maana neno likisemwa vibaya laweza kumwongezea mateso yule tunayetaka kumsaidia. Gonga mlango uombe chumvi. Neno dogo kama hilo laweza kuzuia mkono ulioinuliwa, na yule aliye ndani atajua kwamba amesikiwa. Kesho yake mwulize mama faraghani, wala si mbele ya watu bombani, "Dada, tulisikia. Ungependa tukusaidieje?" Kisha nyamaza umsikilize. Na akitaka msaada, iko simu ya bure ya kuwasaidia wanaodhulumiwa majumbani, namba 1195, na kwa habari za watoto iko namba 116. Tangu mwaka 2015 iko pia sheria ya kuwalinda watu na ukatili wa nyumbani, ambayo kwayo mahakama yaweza kumzuia mkosaji asimkaribie aliyeumizwa. Tena wazee wa kanisa wasiwe wepesi kumrudisha mtu katika nyumba ya kipigo kwa kisingizio cha amani. Amani iliyofungwa kinywa si amani.

Sasa, kabla hatujaagana, tutafanya lile ambalo redio hailipendi. Tutanyamaza nusu dakika. Msitafute kituo kingine. Nanyi mtakaoyasoma haya katika gazeti letu, liwekeni chini kidogo. Sikilizeni ukuta wenu. Sikilizeni chumba cha pili.

Ee Bwana, utusamehe kwa siku tuliponyamaza ilipotupasa kusema, na kwa siku tuliposema ilipotupasa kunyamaza. Utupe masikio kwanza, kisha utupe neno. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.