Mgeni Akiugua Ughaibuni: Bima ya Afya katika Falme za Kiarabu

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni mwenyewe akiugua, ni nani atakayemponya, na kwa gharama ya nani? Swali hilo linawagusa ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi katika Umoja wa Falme za Kiarabu, wakiwamo wafanyakazi wa nyumbani, walinzi, madereva na wauguzi.

Sheria za nchi hiyo zimebadilika hatua kwa hatua. Abu Dhabi ilitangulia kuwataka waajiri wawakatie bima wafanyakazi wa kigeni kwa sheria ya mwaka 2005, na Dubai ikafuata kwa sheria ya mwaka 2013. Falme tano zilizosalia, yaani Sharjah, Ajman, Umm Al Quwain, Ras Al Khaimah na Fujairah, ziliingizwa katika utaratibu huo tarehe 1 Januari 2025. Tangu siku hiyo bima ni sharti la kupata au kuhuisha kibali cha ukaazi kwa mfanyakazi wa sekta binafsi na wa nyumbani. Ada hulipwa na mwajiri; haipaswi kukatwa katika mshahara.

Hata hivyo, bima haimaanishi matibabu ya bure. Katika kifurushi cha msingi kilichoandaliwa kwa falme hizo tano, mgonjwa wa nje huchangia asilimia 25 ya gharama, lakini si zaidi ya dirhamu 100 kwa hudhurio moja. Kwa hiyo gharama ikiwa dirhamu 300, atalipa 75; ikiwa 600, atalipa 100 tu. Anayelazwa huchangia asilimia 20, kwa kikomo cha dirhamu 500 kila anapolazwa na 1,000 kwa mwaka. Katika dawa huchangia asilimia 30. Magonjwa sugu hayana kipindi cha kusubiri. Kwa hiyo mwenye kisukari au shinikizo la damu hana sababu ya kuuficha ugonjwa wake.

Udhaifu mkubwa wa mpango huu ni kwamba bima imefungwa pamoja na kibali cha ukaazi, na kibali kimefungwa pamoja na ajira. Anayetoroka nyumba ya mwajiri, hata kama ameteswa, hujiweka katika hatari ya kupoteza vyote vitatu. Ndiyo maana yafaa mfanyakazi apeleke malalamiko yake mapema kwa wizara inayosimamia ajira au kwa ubalozi wa nchi yake, kabla kibali hakijafutwa. Katika dharura, gari la wagonjwa huitwa kwa namba 998.

Watoa huduma za afya wa nyumbani nao wana wajibu. Msafiri hupimwa VVU na kifua kikuu. Mfanyakazi wa nyumbani hupimwa pia homa ya ini aina ya B, kaswende na ujauzito. Anayeonekana hafai kusafiri asirudishwe kwao na karatasi ya kukataliwa peke yake. Aelezwe matokeo yake kwa faragha, apewe ushauri nasaha na aanzishiwe matibabu, kwani kabla ya kuwa msafiri ni mgonjwa wetu.

Anayesafiri na dawa apewe barua ya daktari kwa Kiingereza, yenye jina halisi la dawa na kipimo chake. Tramadoli na kodeini, ambazo wengi huzichukulia kama dawa za kawaida za maumivu, zinadhibitiwa vikali huko; kuziingiza bila idhini ya mamlaka kwaweza kumfikisha msafiri mahakamani. Wanaokwenda kufanya kazi za nje waelezwe pia kuhusu joto: kati ya tarehe 15 Juni na 15 Septemba, kazi za juani hupigwa marufuku kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:00 mchana. Kutokunywa maji ya kutosha katika joto hilo hudhuru figo.

Kabla ya kutia saini mkataba, msafiri amuulize wakala mambo manne: bima ni ya kampuni gani, hospitali zipi zinaipokea, kadi itakaa mikononi mwa nani, na kinga hiyo itakoma lini. Nakala ya majibu hayo aiache kwa jamaa aliye nyumbani.