Hesabu ya Arusha: Jinsi Sheria Ilivyobeba Amani ya Burundi

Kila tunaposikia kwamba mahasimu wa nchi fulani wametia saini mkataba wa amani ugenini, swali la kwanza linapaswa kuwa hili: mkataba huo utaingiaje katika sheria za nchi yao? Mfano wa Burundi, ambao sisi wa Afrika Mashariki tuliushuhudia kwa karibu, unatoa jibu lenye mafunzo mengi.

Oktoba 1993 wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kushika urais wa nchi hiyo na wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za wananchi. Alikuwa amekaa madarakani kwa miezi michache tu. Mauaji ya raia Watutsi yakafuata, kisha jeshi, ambalo maofisa wake wengi walikuwa Watutsi, likalipiza kwa kuwaua Wahutu. Vita vilivyozuka vinakadiriwa kuua watu 300,000. Kila upande ulikuwa na hofu yenye msingi. Wahutu walikumbuka mauaji ya Wahutu wenzao mwaka 1972 na waliona kwamba hata wakishinda uchaguzi, bunduki haiko mikononi mwao. Watutsi, ambao ni wachache, waliona kwamba demokrasia ya kuhesabu vichwa ingewaacha bila kinga.

Mwalimu Julius Nyerere alianza usuluhishi mwaka 1996 mjini Mwanza, na kuanzia Juni 1998 mazungumzo mapana yakafanyika Arusha. Kukaa nje ya Burundi kulikuwa na manufaa: waliokimbia nchi waliweza kuhudhuria bila kuhofia kukamatwa, na majirani walikuwa na nguvu ya kushinikiza. Baada ya mapinduzi ya Meja Pierre Buyoya, Julai 1996, nchi za ukanda huu ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi, na havikuondolewa hadi Januari 1999. Mwalimu alipofariki Oktoba 1999, Nelson Mandela alipokea kijiti, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini.

Mkataba huo haukusimamisha vita siku hiyo. Makundi makuu ya wapiganaji, CNDD-FDD na FNL, hayakuwemo, na ilihitajika miaka mingine ya mazungumzo Arusha, Pretoria na Dar es Salaam kuyaingiza. Thamani yake kubwa ilikuwa katika kanuni za kugawana madaraka, ambazo ziliingizwa katika Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni Februari 2005.

Katiba hiyo iliyataja makabila waziwazi na kuyawekea hesabu. Bunge lilipaswa kuwa na Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, wanawake wasiopungua asilimia 30, na viti vitatu vya Watwa, kabila dogo la tatu. Matokeo ya kura yasipofikia uwiano huo, wabunge wa ziada huteuliwa. Katika Seneti kila mkoa ulileta Mhutu mmoja na Mtutsi mmoja. Jeshini, hakuna kabila lililoruhusiwa kuzidi nusu. Hicho ndicho kifungu ninachokipa uzito kuliko vyote, kwa sababu kiligusa hofu za pande zote mbili kwa pamoja.

Hesabu hiyo ilifanya kazi kwa namna mbili. Kwanza, sheria zilihitaji theluthi mbili ya kura, na asilimia 60 haifiki theluthi mbili. Kwa hiyo wabunge wa kabila moja hawakuweza kupitisha sheria peke yao. Pili, katika orodha za wagombea, kati ya majina matatu yanayofuatana, mawili tu yaliruhusiwa kuwa ya kabila moja. Chama kilichotaka kushinda kililazimika kutafuta wanachama na wagombea upande wa pili. Matunda yake yalionekana katika mgogoro wa 2015 kuhusu mihula ya urais: Wahutu na Watutsi walisimama pamoja miongoni mwa wafuasi wa serikali na miongoni mwa wapinzani wake.

Hata hivyo, mgogoro huohuo ulionyesha gharama ya uandishi legelege. Mkataba wa Arusha ulisema mtu asitawale zaidi ya mihula miwili. Katiba ikasema rais huchaguliwa na wananchi kwa muhula unaoweza kurudiwa mara moja, huku kifungu kingine kikiruhusu rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito achaguliwe na Bunge. Pierre Nkurunziza, aliyechaguliwa hivyo mwaka 2005, alidai kwamba muhula ule hauhesabiki, hivyo angeweza kugombea tena. Mahakama ya Katiba ilimkubalia, damu ikamwagika, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania, Rwanda na nchi nyingine jirani.

Mwaka 2018 Katiba ilibadilishwa. Sheria za kawaida sasa hupita kwa zaidi ya nusu ya kura, hivyo kinga ya theluthi mbili imeondoka, na Seneti ikapewa miaka mitano kutathmini kama mgawo wa kikabila uendelee au ukomeshwe.

Wapo wanaosema mgawo huo unaudumisha ukabila na umepitwa na wakati. Naiheshimu hoja yao, lakini siikubali kwa sasa. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyoahidiwa Arusha haikupata sheria yake hadi 2014, na mahakama maalumu iliyokusudiwa kuhukumu makosa makubwa haijawahi kuundwa. Kuiondoa kinga ya mgawo huo kabla ya haki kutendeka ni kuwataka watu waamini kisichothibitishwa.

Kwa wanaosuluhisha migogoro ya Kongo na Sudan Kusini leo, wito wangu ni huu: waandishi wa sheria wawe mezani tangu siku ya kwanza, na kila kifungu kipimwe kwa umakini uleule unaotumika kupima usitishaji wa mapigano.