Lugha na Wakati Ujao katika Sanaa ya Video: Kempinski na Pumzi

Mashine, uharibifu wa mazingira na ndoto za nchi ya neema ambazo hazikutimia ni mambo yanayojitokeza mara kwa mara katika sanaa ya video ya karne hii. Wahakiki aghalabu huzitazama kazi hizo kwa upande wa picha tu. Hata hivyo mwanaisimu naye ana lake la kusema, maana wakati ujao hauwezi kupigwa picha. Sharti kwanza utamkwe.

Kazi mbili zinafaa kuchunguzwa kwa jicho hilo: Kempinski (2007) ya Neïl Beloufa, msanii wa Ufaransa mwenye asili ya Aljeria, na Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu wa Kenya. Hii ya pili ni filamu fupi hasa, lakini mwaka 2012 zote mbili zilionyeshwa katika maonyesho mamoja kwenye jumba la sanaa la Arnolfini, mjini Bristol, Uingereza.

Kempinski ilipigwa nchini Mali. Beloufa aliwaomba watu wa huko waueleze wakati ujao kama wanavyouwaza, kwa sharti moja la kisarufi: wauseme kwa wakati uliopo, kana kwamba umekwisha fika. Basi watu husimama gizani, wakimulikwa na taa za mirija, wakasimulia habari za kituo cha anga na satelaiti. Hapana mtambo wowote uonekanao. Kiambishi ndicho kinachofanya kazi yote.

Mtu atakayeifasiri video hiyo kwa Kiswahili atakabiliwa na tatizo lenye manufaa. Inakubalika kwa wengi kwamba kiambishi -ta- kimetokana na kitenzi taka, na -na- kimetokana na na ya kuwa na kitu. Kwa hiyo asemaye "tutarusha satelaiti" bado yumo katika kutaka; asemaye "tunarusha" tayari anayo. Kweli, Kiswahili hukubali pia "kesho nakwenda Mombasa", lakini hapo neno kesho lipo kumlinda msikilizaji. Beloufa ameliondoa hilo kesho, na mtazamaji hana pa kushika.

Pumzi imechukua njia nyingine, nayo yatia wasiwasi zaidi. Miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya maji, watu wa jamii ya Maitu katika Afrika ya Mashariki wanaishi chini ya paa. Jasho na mkojo husafishwa vinywewe tena, umeme huzalishwa kwa miili ya watu, na ndoto huzimwa kwa vidonge. Asha, mtunzaji wa makumbusho, apelekewapo udongo wenye rutuba, huomba ruhusa ya kutoka nje, akanyimwa. Maombi hayo hayasemwi kwa kinywa. Huandikwa, na mashine ikayatamka kwa Kiingereza.

Lugha za Kiafrika zimesalia wapi basi? Kiswahili kimo katika jina la filamu. Kikuyu kimo katika jina la jamii na katika kibandiko cha chupa yenye mbegu: maitu, mama, neno linaloelezwa kuwa muungano wa maa, ukweli, na itu, wetu. Mwanaisimu atasita hapo, kwa kuwa maitũ huenda sambamba na nyũkwa, mama yako, na nyina, mama yake. Ni neno la ukoo, wala halihitaji kukatwa vipande ili lipate maana. Lakini kosa hilo, kama ni kosa, laafiki mahali lilipo. Katika makumbusho ya mti uliokufa, neno nalo limehifadhiwa kwa maelezo, kwani hapana tena mtoto wa kulitamka.

Mwaka huo huo wa 2009 Kahiu alitoa pia filamu ya maisha halisi kuhusu Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement ya mwaka 1977, na athari ya mwanamke huyo yaonekana wazi katika mwisho wa Pumzi. Asha hutoroka, akaipanda mbegu jangwani, akainywesha maji yake ya mwisho na kuikinga kwa mwili wake. Huko nje hana mashine ya kumsemea, wala yeye mwenyewe hasemi neno.